Basigini ya binadamu maabarani: mwongozo kamili wa kuagiza, kuyeyusha, kupima na kutumia kipokezi cha RH5

Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum vina milango kadhaa ya kuingilia seli nyekundu ya damu, na mingi kati yake ni ya akiba: ukiuziba mmoja, vinapitia mwingine. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Hinxton, Uingereza, wakiongozwa na Gavin Wright na Julian Rayner, walionyesha kwamba upo mmoja usio na mbadala. Protini ya kimelea iitwayo RH5 lazima ishike protini ya binadamu iitwayo basigini, la sivyo uvamizi haufanyiki, na ikawa hivyo kwa kila aina ya P. falciparum waliyoijaribu. Ndiyo maana RH5 ikawa mgombea mkubwa wa chanjo ya hatua ya damu. Majaribio ya awali ya chanjo zake yamefanyika Bagamoyo, kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara, na mwaka 2024 yakachapishwa matokeo ya watoto wa Burkina Faso yaliyoonyesha kinga ya asilimia 55 katika miezi sita kwa waliopewa dozi ya tatu kwa kuchelewa.

Kwa hiyo maabara zetu zinaagiza basigini. Mwanafunzi wa uzamili anapewa kichupa chenye unga usioonekana kwa macho, karatasi moja ya maelezo, na agizo la "kapime kama kingamwili za hawa watu zinazuia RH5". Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa fundi wa maabara atakayeulizwa baadaye kwa nini jaribio halikutoa kitu.

Kabla ya yote, shika namba moja: KD ya RH5 na basigini, yaani kiwango ambacho nusu ya molekuli huwa zimeshikwa, ni takribani mikromola 1; kadiri KD ilivyo ndogo ndivyo mshiko ulivyo na nguvu. Huo ni mshiko dhaifu. Kingamwili nzuri hushika kwa nanomola, yaani mara elfu zaidi. Molekuli moja ya RH5 ikishika molekuli moja ya basigini, zinaachiana upesi sana. Karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatokana na namba hiyo, na majaribio mengi yanayokwama hukwama kwa sababu mtu ameiga itifaki ya mshiko wenye nguvu.

Hatua ya kwanza: jua unachonunua

Kwenye katalogi protini hii ina majina mengi: basigini, BSG, CD147, EMMPRIN. Ni kitu kile kile. Jina la mwisho limetoka kwa watafiti wa saratani, wanaoifahamu kama kichocheo cha vimeng'enya vinavyokata tishu, na bidhaa nyingi sokoni zimetengenezwa wao wakiwa wanunuzi wa kwanza. Usishangae ukurasa wa bidhaa usipotaja malaria hata mara moja.

Tazama kwanza eneo la protini lililotengenezwa. Basigini ya kwenye seli nyekundu ni isofomu 2 (umbo mojawapo la protini hii), yenye asidi amino 269 na domeini mbili za aina ya imunoglobulini upande wa nje wa seli. Isofomu 1 ina domeini tatu, ina asidi amino 385, na hupatikana kwenye retina ya jicho. Unachotaka ni sehemu ya nje ya isofomu 2, yaani takribani asidi amino ya 22 hadi ya 205. Hapa pana mtego. Kwenye kanzidata ya UniProt basigini ya binadamu ni P35613, na hesabu ya namba inafuata isofomu 1, hivyo kipande hicho hicho kinaweza kuandikwa 138 hadi 321. Tofauti ni 116. Ukiona namba ngeni usiifunge kurasa hiyo; toa 116 kwanza. Lakini ukiona kipande kimeanzia 22 na kwenda mpaka zaidi ya 300, hiyo ni isofomu ndefu, iache.

Cha pili ni seli iliyotengenezewa. Basigini ina sehemu tatu za kupachikwa sukari, kwenye asparajini za 44, 152 na 186. Seli za binadamu za HEK293 hupachika sukari hizo, bakteria E. coli hawapachiki. Ya bakteria ni rahisi kwa bei na huonekana safi kwenye jeli, ila ina mambo mawili ya kuuliza: kama imekunjwa sawasawa, maana kila domeini ina daraja la salfa ndani yake, na ina endotoksini (sumu ya bakteria) kiasi gani. Kama utaiweka juu ya seli hai za kinga, endotoksini peke yake inaweza kukupa majibu mazuri ya uongo. Mimi huchagua ya HEK293 kwa kazi ya kupima mshiko, na sioni sababu ya kubana hela hapo.

Cha tatu ni mkia, yaani kipande kinachoongezwa kwenye protini ili inaswe au igunduliwe. Wanunuzi wengi huupita huu bila kuutazama, na unaweza kuharibu kazi yote. Basigini huuzwa ikiwa na mkia wa histidini, au ikiwa imeunganishwa na Fc (sehemu ya shina) ya kingamwili ya binadamu ya IgG, au ikiwa imebandikwa biotini. Ya Fc inavutia kwa sababu Fc huja mbili mbili, hivyo basigini inakuwa pacha na inashika vizuri zaidi. Sasa fikiria kazi yako: una seramu za watu wa Kilifi au Bagamoyo, unaziweka kwenye pleti (bamba la plastiki lenye visima vidogo), halafu unazitafuta kwa kingamwili dhidi ya IgG ya binadamu. Kingamwili hiyo itaishika Fc iliyo kwenye basigini yako kabla hata seramu haijawekwa. Kila kisima kitageuka bluu, na hakuna kusuuza kutakakokuokoa. Kwa kazi yenye seramu za binadamu na kigunduzi cha IgG ya binadamu, chukua yenye histidini au biotini.

Mkia wa histidini nao una lake: kama RH5 yako pia ina histidini, huwezi kutumia kingamwili ya histidini kuigundua, maana itaziona zote mbili. RH5.1, ile iliyotumika kwenye chanjo, ina mkia mwingine uitwao C-tag, na hapo mambo huwa mepesi.

Mwisho, soma kama kuna protini ya kubebea. Baadhi ya wauzaji huongeza albumini ya ng'ombe ili protini chache isigande kwenye kuta za kichupa. Kwa kulisha seli ni sawa. Kwa kupaka pleti, kubandika biotini au kutumia mashine ya SPR, inayopima mshiko moja kwa moja, ni balaa, kwa sababu albumini ni nyingi kuliko basigini mara nyingi na ndiyo itakayopakwa na kubandikwa. Agiza isiyo na kibebaji.

Hatua ya pili: hesabu kiasi kabla ya kuomba profoma

Kichupa cha kawaida kina mikrogramu 100, na mara nyingi hugharimu mamia ya dola. Ni nyingi au ni kidogo? Inategemea jaribio, na jibu lapatikana kwa hesabu ya dakika mbili.

Mnyororo wa asidi amino wa kipande hiki pamoja na mkia wa histidini una uzito wa takribani kilodaltoni 21. Mikrogramu 100 gawanya kwa 21 unapata nanomoli 4.8. Ukiyeyusha kwenye mikrolita 200 unapata miligramu 0.5 kwa mililita, ambayo ni mikromola 24 hivi.

Sasa chukua jaribio la kuzuia vimelea kwa basigini huru, ambapo basigini unayoiweka kwenye kisima inashindana na ile ya kwenye seli. Kwa KD ya mikromola 1, ukiweka mikromola 0.1 utakuwa umeishughulisha asilimia 9 tu ya RH5. Mikromola 1 inashughulisha nusu. Ili ufike asilimia 91 unahitaji mikromola 10. Kisima cha mikrolita 100 chenye mikromola 10 kinakula mikrogramu 21. Kichupa chako kizima ni visima vinne, na ulitaka marudio matatu kwa viwango sita. Hapo ndipo unapojua kwamba kazi hiyo haifanyiki kwa kichupa cha dukani; inafanyika kwa kuzalisha protini mwenyewe au kwa kushirikiana na maabara inayozalisha.

Kupaka pleti ni habari nyingine. Mikrolita 50 za mikrogramu 2 kwa mililita ni mikrogramu 0.1 kwa kisima, na pleti nzima ya visima 96 haifiki mikrogramu 10. Kichupa kimoja kinatoa pleti kumi.

Hatua ya tatu: kuagiza na kugomboa

Mwombe muuzaji mambo matatu kabla ya kulipa: cheti cha uchambuzi cha bachi utakayotumiwa wewe, si cha mfano, mfuatano kamili wa asidi amino pamoja na mkia, na barua inayosema bidhaa haiambukizi, ni ya utafiti tu, na kama ina chochote kilichotokana na mnyama. Barua hiyo ndiyo itakayoulizwa na wakala wa forodha. Albumini ya ng'ombe ikitajwa, mzigo unaweza kuhitaji idhini ya ofisi ya mifugo, sababu nyingine ya kuchagua isiyo na kibebaji.

Maneno "kwa matumizi ya utafiti tu" yana maana yake. Protini hii haichomwi kwa mtu, wala haitumiki kumpa mgonjwa jibu la kipimo. Ukiiandika kwenye fomu kama kitendanishi cha uchunguzi wa wagonjwa utakuwa umejiingiza kwenye taratibu tofauti kabisa za vibali.

Iliyokaushwa kwa baridi husafiri vizuri na vibarafu vya kawaida. Ya majimaji husafiri na barafu kavu, ambayo kwa ndege huandikwa UN1845 na hupungua kila saa mzigo unapongoja. Kwa njia zetu, zenye kuunganisha ndege na kulala wikiendi bandari ya anga, chagua unga ukiwa na hiari. Panga mzigo ufike Jumatatu au Jumanne, na jina la kwenye hati liwe la mtu anayeshika simu.

Hatua ya nne: kufungua na kuyeyusha

Ukipokea, andika tarehe, namba ya bachi na hali ya barafu kabla ya kuweka kwenye friza. Piga picha. Ukija kulalamika wiki tatu baadaye, picha ndiyo ushahidi.

Siku ya kuyeyusha, toa kichupa na ukiache kikiwa kimefungwa mpaka kifikie joto la chumba. Pwani, hewa ina unyevu mwingi. Ukifungua kichupa baridi, maji yatatua ndani, na unga uliokaushwa utayanywa bila mpango. Kisha kizungushe kwenye sentrifuji ndogo kwa nusu dakika. Unga ni mwepesi na mara nyingi umepanda kwenye kifuniko. Anayefungua bila kuzungusha huenda anatupa theluthi ya fedha zake pamoja na kifuniko.

Fuata cheti kuhusu cha kuyeyushia. Kama kichupa kilikaushwa kutoka kwenye PBS (bafa ya chumvi na fosfeti), chumvi zimo tayari, unaongeza maji safi tu. Ukiongeza PBS utapata chumvi mara mbili. Kama kimekaushwa kutoka kwenye maji au bafa nyepesi, weka PBS ya pH 7.4. Lenga miligramu 0.5 kwa mililita, na usishuke chini ya 0.1, kwa sababu chini ya hapo sehemu kubwa ya protini hubaki imeng'ang'ania plastiki. Mimina kwa utaratibu ukutani, usiipige moja kwa moja juu ya unga. Acha dakika 20 hadi 30. Kizungushe kwa vidole. Usitumie votex, na usivute na kusukuma kwa pipeti mpaka povu litoke. Povu ni protini inayokunjuka mbele ya macho yako.

Usiweke DTT wala beta-mekaptoethano kwenye akiba hii. Zinakata madaraja ya salfa, na basigini bila madaraja hayo si kipokezi tena. EDTA nyingi nayo iepuke kama utaishika kwa nikeli. Tris na glisini ni salama kwa protini, ila zitakuharibia kazi ya kubandika biotini kwa njia ya NHS, maana zina amini zitakazokula kemikali yote. Na azidi ya sodiamu, ambayo watu huiweka kwa mazoea ili kuzuia ukungu, inaua vimelea kwenye jaribio la ukuaji na inazima kimeng'enya cha HRP, kinachotoa rangi kwenye ELISA (kipimo cha pleti). Kwa kazi za RH5 sijui sababu ya kuiweka.

Hatua ya tano: kugawa na kuhifadhi

Gawa siku hiyo hiyo. Tumia vichupa vya plastiki isiyonasa protini, kila kimoja kiasi cha jaribio moja: mikrolita 20 ni kipimo kizuri kwa pleti moja. Pungufu ya 10 usigawe. Andika jina, bachi, kiwango na tarehe kwa kalamu isiyofutika kwa ethano, si kwa kibandiko kitakachobanduka kwenye baridi.

Nyuzi 80 chini ya sifuri ndiyo mahali pake. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri inafaa kwa miezi michache, mradi isiwe ile inayojiyeyusha barafu yenyewe, kwa maana hiyo hupasha joto kila siku ili kuondoa barafu na kichupa chako hupanda na kushuka nayo. Kilichoyeyuka mara moja kikae kwenye nyuzi 4 na kitumike ndani ya wiki. Hakirudi kwenye friza.

Umeme unapokatika, adui ni mlango. Friza iliyojaa na kufungwa huhimili saa nyingi kuliko tupu inayofunguliwa na kila mtu anayekuja kutazama kama protini yake imepona. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji yaliyoganda, weka kinasa joto kinachoandika chenyewe, na ugawe akiba kwenye friza mbili zilizo kwenye laini tofauti za umeme. Kinasa joto kina faida nyingine: kinakuambia saa kamili ambayo jenereta haikuwaka.

Hatua ya sita: hakiki kabla ya kuamini

Cheti kinaeleza protini ilivyokuwa ilipotoka kiwandani. Wewe unataka kujua ilivyo sasa.

Anza na jeli ya SDS ya asilimia 12. Weka mikrogramu 1 iliyopunguzwa kwa DTT, yaani ambayo madaraja yake ya salfa yamekatwa, na mikrogramu 1 isiyopunguzwa kwenye mstari wa mbali kidogo ili DTT isivuje. Utategemea mstari wa kilodaltoni 21, na hutauona. Basigini ya HEK293 hutokea juu zaidi, takribani 28 hadi 40, tena ukiwa mpana na wenye kingo zilizofifia. Hizo ni sukari: kila molekuli imepachikwa kiasi tofauti. Wageni huona mstari mpana wakadhani protini imechafuka. Ukitaka uhakika, chukua kidogo ukiache na PNGase F, kimeng'enya kinachokata sukari hizo. Mstari unapaswa kushuka na kukaza karibu na 21. Ukishuka hivyo, umethibitisha mambo mawili kwa jeli moja.

Kwenye mstari usiopunguzwa tafuta vitu vizito, vya mara mbili au zaidi. Vikiwepo kwa wingi, kuna molekuli zilizofungana vibaya kwa salfa.

Kiwango pima kwa mwanga wa nanomita 280. Bandika mfuatano wote, pamoja na mkia, kwenye zana ya ProtParam ya Expasy upate mgawo wa unyonyaji, kisha ugawe usomaji wako kwa mgawo huo. Tumia kilodaltoni 21 unapogeuza kuwa mola, usitumie uzito ulioonekana kwenye jeli, kwa sababu sukari hazionekani kwenye nanomita 280. Kama ukurasa wa muuzaji umesema kilodaltoni 35 na mwenzako akatumia hiyo, viwango vyenu vitatofautiana kwa theluthi mbili na mtabishana bure.

Kisha mikusanyiko. Zungusha akiba kwa mvuto mara 16,000 kwa dakika 10 kwenye baridi, uchukue maji ya juu tu. Kama una safu ya Superdex 200, inayotenganisha protini kwa ukubwa, pitisha. Hili si la hiari kwa SPR. Molekuli kumi zilizogandana hushika kwa mikono kumi, na asilimia chache za mikusanyiko zinatosha kugeuza mshiko wa mikromola uonekane wa nanomola. Ukipata KD nzuri kupita kiasi kwa RH5 na kipande hiki cha basigini, shuku mikusanyiko kabla ya kuandika makala.

Hatua ya saba: kupima mshiko kwenye pleti

ELISA ya kawaida, ambayo RH5 moja moja inamiminwa, kusuuzwa mara tano na kutafutwa, haitakupa kitu. Wakati unasuuza, RH5 imeshaachia na kwenda na maji. Watafiti wa Sanger walilikwepa hilo kwa mbinu yao iitwayo AVEXIS: protini moja hushikizwa kwenye pleti kwa biotini, nyingine hutengenezwa ikiwa tano kwa pamoja, ikiwa na kimeng'enya cha beta-laktamasi kinachogeuza nitrosefini kutoka njano kuwa nyekundu. Mikono mitano haiachii yote kwa wakati mmoja.

Huna haja ya kutengeneza vitano. Streptavidini, protini inayoishika biotini kwa nguvu, ina nafasi nne za biotini, hivyo RH5 yenye biotini ikichanganywa na streptavidini yenye HRP inakuwa nne kwa mkupuo, na inabeba kimeng'enya chake. Kazi inakwenda hivi:

1. Paka visima kwa basigini yenye histidini, mikrogramu 2 kwa mililita ndani ya PBS, mikrolita 50, usiku mzima kwenye nyuzi 4. Paka na visima vya protini nyingine ya binadamu yenye mkia ule ule, kwa kiwango kile kile.
2. Suuza kwa PBS yenye Tween-20 ya asilimia 0.1. Ziba kwa albumini ya ng'ombe ya asilimia 2 kwa saa moja. Usitumie maziwa: yana biotini, na biotini hiyo itaziba streptavidini yako.
3. Wakati pleti inazibwa, changanya RH5 yenye biotini nanomola 40 na streptavidini-HRP nanomola 10. Acha nusu saa gizani. Uwiano wa nne kwa moja ni mahali pa kuanzia. RH5 ikizidi, moja moja zilizobaki huru zitashindana na nne nne na kukushushia rangi.
4. Zimua mchanganyiko mara mbili mbili kwa hatua sita, weka mikrolita 50 kwenye visima, saa moja.
5. Suuza mara tatu kwa wepesi, bila kuiacha pleti ikingoja kati ya suuzo. Weka TMB, kemikali inayogeuzwa rangi na HRP, simamisha kwa asidi ya salfuriki, soma nanomita 450.

Andika joto la chumba. Chumba cha nyuzi 22 na chumba ambacho kiyoyozi kimekufa mchana wa Februari havitoi jibu moja kwa mshiko unaoachia haraka namna hii.

Kontroli ndizo zinazofanya jaribio liwe jaribio. Ile protini nyingine yenye mkia sawa inakuonyesha kelele. Streptavidini-HRP bila RH5 inakuonyesha kama uzibaji umefanya kazi. Basigini iliyochemshwa kwa nyuzi 80 dakika 10 kabla ya kupakwa inapaswa kushusha rangi. Na kingamwili ya MEM-M6/6, inayoshika basigini na kuzuia RH5, inapaswa kuizima kabisa. Ndiyo kontroli ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa inathibitisha kwamba rangi uliyoiona ni ya mlango wenyewe. Pia kwenye visima vichache tafuta basigini kwa kingamwili ya CD147, kuhakikisha imepakwa. Protini inaweza kupakwa ikiwa imelala kifudifudi au imekunjuka, na RH5 isipate pa kushika.

Ukishapata mkunjo mzuri wa grafu (rangi dhidi ya kiwango), chagua kiwango cha RH5 kinachotoa takribani asilimia 70 ya rangi ya juu, na hicho ndicho cha kupimia seramu. Ukipima kwenye kilele, seramu dhaifu hazitaonekana. Changanya seramu na RH5 kwanza, nusu saa, ndipo uweke kwenye pleti. Zimua seramu angalau mara 50, na uweke seramu za watu wasiowahi kukaa eneo la malaria kama msingi wa kulinganisha.

Mpaka wa kinachoweza kusemwa

Seramu isiyozuia mshiko kwenye pleti yako inaweza bado kuzuia vimelea. Kuna kingamwili za RH5 zinazozuia uvamizi barabara lakini haziiondoi RH5 kwenye kipande cha nje cha basigini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulitoa sababu inayoridhisha: kwenye utando wa seli nyekundu basigini haikai peke yake, imeshikana na protini nyingine, PMCA au MCT1, na RH5 huishika mikusanyiko hiyo kwa nguvu zaidi kuliko kipande pekee. Kingamwili iliyokaa pembeni ya RH5 inaweza isikizuie kipande kidogo kinachoelea, lakini ikagonga utando na majirani pale penyewe kwenye seli.

Kwa hiyo pleti ya basigini ichukue kama chujio la kwanza. Ripoti iandikwe "imezuia mshiko wa RH5 na sehemu ya nje ya basigini", si "imezuia uvamizi". Neno uvamizi linasubiri jaribio la kuzuia ukuaji wa vimelea hai, ambalo linahitaji kingamwili zilizosafishwa, ukuzaji mzuri wa vimelea maabarani na subira. Ukiingiza basigini kwenye jaribio hilo, iondoe kwanza kwenye bafa yake kwa dayalisisi ndani ya RPMI, maji ya kukuzia vimelea, kwani viongezwa vya kulinda protini wakati wa kukaushwa kama trehalosi huja na vichupa vingi na kwa viwango vya mikromola 10 unaviingiza kwa wingi.

Bachi mpya

Usingoje ya zamani iishe. Ikibaki vichupa vitano, agiza, na bachi mpya ikifika zipake zote mbili kwenye pleti moja, RH5 ile ile, siku ile ile. Linganisha mkunjo mzima, si kisima kimoja. Mpya ikihitaji mikrogramu 3 ili kufikia rangi ya zamani ya mikrogramu 2, andika hivyo kwenye daftari na ubadilishe kiwango; ikishindwa kuifikia kwa kiwango chochote, rudi kwenye jeli, na umtumie muuzaji picha ya jeli hiyo pamoja na mikunjo miwili. Wengi hubadilisha bidhaa bila ubishi wakioneshwa data, na karibu hakuna anayebadilisha kwa barua pepe isemayo "protini yenu haifanyi kazi".